Lord Derby: mtu mmoja, majina manne

Mwanafunzi anayesoma historia ya Uingereza ya karne ya 19 hukutana mapema na watu wanne. Wa kwanza ni Bwana Stanley, waziri kijana aliyeleta bungeni mswada wa kukomesha utumwa mwaka wa 1833. Wa pili ni Lord Stanley, waziri wa makoloni aliyejiuzulu mwaka wa 1845. Wa tatu ni Earl wa Derby, aliyekuwa Waziri Mkuu mara tatu. Wa nne ni mfasiri wa Homer. Akifungua kitabu cha Kifaransa atakuta jina la tano, comte de Derby, na huenda akafikiri kwamba ni mtu mwingine tena. Wote hao ni mtu mmoja.

Nimesoma kazi za wanafunzi ambamo Bwana Stanley wa 1833 anapingana na Lord Derby wa 1867 kana kwamba walikuwa mahasimu. Sisi Wakongo tuna hatari nyingine juu ya hiyo, kwa kuwa jina Stanley kwetu lina mtu wake tayari. Katika makala hii nitaeleza maisha na ukoo wa bwana huyo, na namna majina yake yanavyobadilika. Kisha nitasimama penye mambo matatu yanayokihusu kitivo chetu moja kwa moja: shule za Ireland, neno moja katika sheria ya utumwa, na tafsiri ya Iliad.

Ukoo wa Knowsley

Cheo cha Earl wa Derby kilitolewa mwaka wa 1485 kwa Thomas Stanley, baba wa kambo wa mfalme Henry wa Saba, baada ya vita vya Bosworth. Makao ya ukoo ni Knowsley, karibu na Liverpool, mahali palipokuwa wakati ule katika jimbo la Lancashire. Hapo ndipo Edward George Geoffrey Smith-Stanley alipozaliwa tarehe 29 Machi 1799. Jina Smith liliingia katika ukoo kwa ndoa ya babu mmoja na binti mrithi wa mali; mali ilikuja na jina lake.

Babu yake, Earl wa 12, alipenda farasi kuliko siasa. Mashindano ya farasi ya Epsom yaliyoanza mwaka wa 1780 yanaitwa Derby kwa ajili yake. Kutoka hapo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, neno hilo likapanuka hadi kumaanisha pambano la timu mbili za mji mmoja. Mtu wa Lubumbashi anayezungumzia derby ya Mazembe na Lupopo anamtaja bwana wa Lancashire bila kumjua. Mke wa pili wa babu huyo, Elizabeth Farren, alikuwa mwigizaji mashuhuri wa tamthilia jijini London. Walioana mwaka wa 1797.

Baba yake, Earl wa 13, alipenda wanyama. Alijenga Knowsley bustani ya wanyama na ndege kutoka pande zote za dunia, akamwita mchoraji kijana Edward Lear aje awachore. Lear alikaa sana na watoto wa nyumba ile, akawatungia mashairi mafupi ya kuchekesha ambayo baadaye yalichapishwa mwaka wa 1846 na kumpa jina kubwa zaidi kuliko michoro yake. Pofu mkubwa wa savana za Afrika Magharibi na ya Kati ana jina la kisayansi derbianus. Ni kumbukumbu ya baba huyo, wala si ya mwanawe mwanasiasa. Makusanyo yake yalipewa mji wa Liverpool, yakawa msingi wa jumba la makumbusho.

Jinsi cheo kinavyogeuza jina

Ili kumfuata mtu huyu katika vitabu, lazima tuelewe kanuni tatu za watawala wa Kiingereza. Ya kwanza: cheo ni cha mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na humfikia mwana wa kwanza baba anapokufa. Wadogo zake hawapati cheo hicho. Ya pili: earl huwa ana vyeo vingine vidogo chini ya kile kikubwa, na mwana wake wa kwanza huazimwa kimoja ili aitwe nacho. Ni heshima tu. Kisheria bado ni raia wa kawaida. Ya tatu: Bunge la wakati ule lilikuwa na mabaraza mawili, Baraza la Wabunge waliochaguliwa na Baraza la Malordi walioingia kwa cheo. Mwenye cheo kamili hakuweza kukaa katika baraza la kwanza, lakini mwenye cheo cha kuazimwa aliweza.

Sasa tumtazame Edward. Alipoingia bungeni mwaka wa 1822 babu yake alikuwa hai, kwa hiyo baba yake ndiye aliyeitwa Lord Stanley, na yeye akawa Bwana Stanley tu. Babu alipokufa mwaka wa 1834, baba akawa Earl wa Derby, naye Edward akapanda ngazi moja na kuitwa Lord Stanley. Aliendelea kukaa na wabunge, kwa kuwa jina lile lilikuwa la kuazimwa. Mwaka wa 1844 serikali ilimhitaji katika Baraza la Malordi, ikatumia njia iliyokuwepo kisheria: mwana alipewa kimoja cha vyeo vya baba kabla baba hajafa. Jina likabaki Lord Stanley, lakini maana ikabadilika, kwani sasa alikuwa lord wa kweli. Mwaka wa 1851 baba alifariki, naye akawa Earl wa 14 wa Derby.

Kwa hiyo tarehe ndiyo ufunguo. Ukikutana na Lord Stanley katika maandishi, tazama mwaka kwanza. Kabla ya Oktoba 1834 ni baba. Kuanzia hapo hadi 1851 ni mwana. Baada ya 1851 ni mjukuu. Na ukitafsiri kwa Kiswahili, nashauri earl ibaki earl na jina libaki jina. Tukiandika mtemi au sultani tunampa msomaji picha ya mtu anayetawala nchi na watu wake, hali Earl wa Derby hakuutawala mji wa Derby hata siku moja. Alikuwa na mashamba, wapangaji na kiti bungeni.

Barua ya mwaka 1831

Wadhifa mkubwa wa kwanza wa Bwana Stanley ulikuwa wa katibu mkuu wa serikali kwa ajili ya Ireland, kuanzia 1830 hadi 1833. Oktoba 1831 alimwandikia Duke wa Leinster barua iliyoanzisha shule za taifa za Ireland. Watoto wa Wakatoliki na wa Waprotestanti wangesoma pamoja masomo ya kawaida, na dini ingefundishwa kwa kutenganishwa. Fedha za serikali zingesaidia majengo, walimu na vitabu. Katika Ulaya ya wakati ule mpango huo ulikuwa wa mbele sana. Uingereza yenyewe ilisubiri karibu miaka 40 ndipo ikapata mfumo wa aina hiyo.

Lakini mtu wa lugha atauliza: zilifundisha kwa lugha gani? Zilifundisha kwa Kiingereza, kwa vitabu vya Kiingereza, hata katika wilaya za magharibi ambako mtoto alifika darasani akijua Kiairishi peke yake. Kiairishi kiliruhusiwa kuwa somo la ziada mwaka wa 1879 tu, na programu ya lugha mbili kwa maeneo ya wasemaji wake ilikuja mwaka wa 1904. Hesabu ya watu ya 1851 ilipata wasemaji wa Kiairishi karibu milioni moja na nusu. Ile ya 1891 ilipata karibu 680,000.

Si haki kuiweka hasara yote juu ya barua moja. Njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1849 iliua na kuhamisha zaidi maskini wa magharibi, na hao ndio waliokuwa wasemaji. Wazazi wengi pia walitaka Kiingereza kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya safari ya Marekani. Palikuwa na nyumba ambamo mtoto alivalishwa kijiti shingoni, kikakatwa alama kila alipotamka Kiairishi, na alama zikahesabiwa wakati wa adhabu. Wengi wetu tumewasikia wazee wakisimulia ishara ya namna hiyo katika shule za hapa kwetu. Jambo ninalotaka tulione ni hili: shule haikuhitaji kukipiga marufuku Kiairishi. Ilitosha kutokiwekea nafasi. Nchi yetu ina Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba katika katiba; swali la nafasi yake darasani tunalijua vizuri.

Neno moja katika sheria ya 1833

Mwaka wa 1833 Stanley alihamishiwa wizara ya makoloni, na tarehe 14 Mei akaleta bungeni mpango wa kukomesha utumwa. Alikuwa na miaka 34. Sheria ilipata sahihi ya mfalme tarehe 28 Agosti 1833 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Watu karibu 800,000, wengi wao katika visiwa vya Karibi, walihusika.

Hapa ndipo ninapowaomba wafasiri wenzangu wasome polepole. Sheria ilisema kwamba watumwa watakuwa huru, lakini watoto wa chini ya miaka 6 pekee ndio walioachwa mara moja. Wengine waligeuzwa kuwa apprentices. Kamusi itatupa neno zuri: wanagenzi. Mwanagenzi kwa Kiswahili ni mtu anayejifunza kazi kwa fundi, leo hajui, kesho atajua. Lakini mtu aliyekata miwa tangu utoto alikuwa anajifunza nini kwa kukata miwa? Alilazimika kumfanyia bwana wake wa zamani kazi bila mshahara, hadi saa 45 kwa juma. Pendekezo la kwanza la Stanley lilikuwa miaka 12 ya hali hiyo. Bungeni ikapunguzwa kuwa 6 kwa watu wa mashamba na 4 kwa wengine. Mwishowe, kwa sababu ya upinzani huko visiwani na Uingereza, utaratibu wote ulifutwa tarehe 1 Agosti 1838.

Neno la pili ni fidia. Kwa Kiswahili fidia humwendea aliyedhulumiwa. Sheria hii ililipa pauni milioni 20, kiasi cha karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, na zote ziliwaendea wenye watumwa. Stanley alianza kwa kupendekeza mkopo wa milioni 15. Wenye mashamba wakabana, ukawa malipo ya milioni 20. John Gladstone wa Liverpool, baba yake Waziri Mkuu wa baadaye, alipata zaidi ya pauni 100,000. Waliotumikishwa hawakupata hata senti. Mikopo iliyohusiana na malipo hayo serikali ya Uingereza ilimaliza kuilipa mwaka wa 2015.

Je, Stanley alikuwa mkombozi au wakili wa wenye mali? Nadhani maandishi yake yenyewe yanajibu kwamba alikuwa vyote viwili. Aliamini kwamba utumwa lazima uishe, na aliamini kwa nguvu ileile kwamba mali haichukuliwi bila malipo, hata mali hiyo ikiwa ni watu. Mfasiri anayeandika tu kwamba Stanley aliwapa watumwa uhuru na fidia ikalipwa, ameandika sentensi ambayo kila neno lake limo katika kamusi na ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa kinyume. Afadhali aandike: walilazimishwa kuendelea kufanya kazi bure, na wenye watumwa walilipwa. Sentensi haina madaha, lakini haidanganyi.

Mawaziri wakuu watatu katika mtu mmoja

Stanley alianza siasa katika chama cha Whig. Mwaka wa 1834 alijiuzulu kwa kuwa hakukubali mapato ya Kanisa la Ireland yatumiwe kwa mambo mengine. Akahamia kwa Wakonsavativu, akawa waziri wa vita na makoloni chini ya Robert Peel kuanzia 1841. Mji wa Stanley katika visiwa vya Falkland una jina lake kutoka wakati huo. Peel alipoamua kufuta ushuru uliolinda nafaka ya Kiingereza, Stanley alitoka serikalini, na kuanzia 1846 hadi 1868 akakiongoza chama kilichobaki. Ni miaka 22. Hakuna aliyeongoza chama kikubwa cha Uingereza kwa muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, serikali zake tatu ukizijumlisha hazifiki miaka minne, maana hakuwahi kuwa na wingi wa wabunge. Ya kwanza, ya 1852, ilidumu miezi kumi tu. Mawaziri wake walikuwa wageni kiasi kwamba Duke wa Wellington, mzee na kiziwi, aliposomewa majina yao aliuliza kila mara ni nani. Ya pili, ya 1858 hadi 1859, iliondoa utawala wa India mikononi mwa Kampuni ya India Mashariki na kuukabidhi ufalme, na chini yake Wayahudi waliruhusiwa kukaa bungeni. Ya tatu, ya 1866 hadi 1868, ilipitisha sheria ya 1867 iliyozidisha wapiga kura wa England na Wales karibu mara mbili, kutoka wanaume milioni moja hivi hadi milioni mbili. Derby mwenyewe aliwaambia Malordi kwamba walikuwa wanaruka gizani. Benjamin Disraeli ndiye aliyeipigania sheria hiyo katika Baraza la Wabunge, na ndiye aliyebaki na sifa. Mwaka wa 1868 Derby, akisumbuliwa na ugonjwa wa jongo, alimwachia uongozi.

Jambo moja zaidi la haki yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba, viwanda vya Lancashire vilifungwa na familia za wafanyakazi zikaona njaa. Derby aliongoza kamati kuu ya misaada, akatoa fedha zake na kuwahimiza matajiri wenzake watoe.

Waziri Mkuu mfasiri

Edward alisoma Eton na Oxford, na mwaka wa 1819 alipata zawadi ya chuo kwa shairi la Kilatini. Mwaka wa 1864, akiwa kiongozi wa upinzani, alichapisha Iliad yote kwa Kiingereza. Kitabu kilirudiwa kuchapishwa mara nyingi.

Wakati huo wasomi walikuwa wanabishana jinsi ya kumfasiri Homer. Matthew Arnold, katika mihadhara yake ya Oxford, alipendekeza mizani ya Kigiriki yenyewe iletwe katika Kiingereza. Derby alikataa kata kata. Alichagua mistari ya mizani kumi isiyo na vina, kwa hoja kwamba mizani ya Kigiriki husimama juu ya urefu wa silabi, na Kiingereza hakina sikio la urefu bali lina sikio la mkazo. Kwa hoja ileile ya sikio la msomaji aliwaita miungu kwa majina ya Kiroma, Jove na si Zeus, kwa kuwa ndiyo Waingereza waliyoyazoea.

Sisi tunalo swali hilohilo. Anayemleta mshairi wa Kifaransa katika Kiswahili aanze kwa kuhesabu silabi kumi na mbili za Kifaransa, au aanze na vina na mizani ambavyo sikio la Mswahili limevizoea? Derby angesema: fuata sikio la anayesikiliza. Binafsi nakubaliana naye katika mizani, lakini si katika majina. Zeus akiitwa Jove, msomaji anapotezwa njia bila faida.

Wana wawili, na Stanley wetu

Mwaka wa 1825 alimwoa Emma Bootle-Wilbraham. Watoto watatu walifikia utu uzima: Edward Henry, Emma na Frederick. Derby alifariki Knowsley tarehe 23 Oktoba 1869. Mwana wa kwanza, Earl wa 15, alikuwa waziri wa mambo ya nje mara mbili, akahamia kwa Waliberali, na alikuwa waziri wa makoloni wakati Mkutano wa Berlin ulipokaa, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885. Hakuacha mtoto, na mwaka wa 1893 cheo kikamwendea mdogo wake Frederick, aliyekuwa gavana mkuu wa Kanada na aliyetoa mwaka wa 1892 kombe la mchezo wa magongo wa barafu linaloitwa hadi leo Kombe la Stanley.

Na yule wa Stanleyville? Hana undugu nao hata kidogo. Henry Morton Stanley alizaliwa Wales mwaka wa 1841, mwaka uleule wa Frederick, kwa jina John Rowlands. Alilelewa katika nyumba ya maskini na kulitwaa jina Stanley huko Marekani. Mmoja alizaliwa na jina, mwingine alilichukua. Kisangani iliachana na jina hilo mwaka wa 1966.

Ukoo wa Derby bado uko Knowsley. Mwaka wa 1971 ulifungua mbuga ya wanyama kwa wageni, na penye lango lake pameandikwa neno safari. Sisi tumechukua derby kwao, wao wamechukua safari kwetu. Maneno hayo mawili yanavuka bila shida, kwa kuwa hakuna anayeumia maana zake zikibadilika njiani. Mwanagenzi na fidia ni kazi nyingine, na hapo ndipo mfasiri anapotakiwa kulipima neno kabla ya kuliandika.